Mhandisi na Swali la Pili: Historia ya Ndoa ya Uhandisi na Insia

Kila mwaka wa masomo unapoanza, swali moja huzunguka katika vyuo vikuu vyetu: mwanafunzi aliyechaguliwa kusomea uhandisi anafundishwa historia, falsafa au taaluma za maendeleo kwa faida gani? Wanafunzi huliuliza kwa manung'uniko, kwa kuwa hesabu zao pekee zinatosha kuwakesha. Wazazi huliuliza wakiwa na ada mkononi. Watunga sera huliuliza kwa lugha ya bajeti. Si swali la kupuuzwa. Lakini pia si swali jipya, na walioliuliza kabla yetu wametuachia majibu ambayo baadhi yalifaa na baadhi yaliharibika. Ndiyo maana nimechagua kulijibu kwa njia ya historia.

Hoja yangu ni fupi. Uhandisi hujibu swali la kwanza: kitu hiki kitajengwaje? Insia, yaani taaluma zinazomchunguza mwanadamu kama vile historia, falsafa, lugha na fasihi, pamoja na dada zake sayansi za jamii, humfundisha mtu kuuliza swali la pili: kinajengwa kwa ajili ya nani, na nani atabeba gharama yake? Jamii nyingi zilizoyatenganisha maswali haya zililazimika kuyakutanisha tena baada ya kupata hasara. Na vyuo vilivyoyaunganisha kwa jina tu vilishuhudia yakiachana tena taratibu, bila talaka rasmi.

Tuanze na maneno yenyewe. "Mhandisi" limetujia kutoka Kiarabu, ambako *handasa* ni jiometri. Na neno hilo nalo lina asili ya Kiajemi yenye maana ya kipimo. Kwa asili ya jina lake, basi, mhandisi ni mtu wa vipimo. Upande wa pili, Ulaya ya kale ilikuwa na orodha ya sanaa saba zilizohesabiwa kuwa elimu ya mtu huru: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Tazama orodha hiyo vizuri. Nne kati ya saba ni elimu ya vipimo na idadi, kwa kuwa hata muziki ulifundishwa kama elimu ya uwiano wa namba. Mgawanyo tunaoudhani kuwa wa maumbile, wa "watu wa sayansi" na "watu wa sanaa", haukuwapo katika orodha ile. Wala haukuwapo kwa wanazuoni wa pwani yetu, ambao walisoma nahau na fiqhi pamoja na falaki ya kukadiria nyakati za sala na miandamo ya mwezi.

Hata hivyo, mgawanyo mwingine ulikuwapo, nao ulikuwa mkali zaidi. Elimu ya mtu huru iliitwa hivyo kwa sababu mtumwa na mfanyakazi wa mikono hawakuhesabiwa kuwa wanaistahili. Aliyefikiri alitengwa na aliyejenga. Kwetu pia, fundi aliyeunda jahazi la kuvuka bahari hakuitwa msomi, ingawa kichwani alibeba elimu ambayo msomi hakuwa nayo. Kwa hiyo tunapozungumzia kuunganisha uhandisi na insia, chini yake tunazungumzia kuondoa ukuta wa kitabaka kati ya mkono na fikra. Anayesahau jambo hili atadhani mjadala unahusu ratiba ya vipindi tu.

Katika zama zetu, uhandisi uliingia darasani kupitia mlango wa dola na jeshi. Ufaransa ilianzisha École Polytechnique mwaka 1794, katikati ya misukosuko ya mapinduzi, ikiwa na mkazo mkubwa wa hisabati. Marekani ilifungua chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1802, na kwa miongo kadhaa wahandisi wengi wa nchi ile walitoka huko. Mwaka 1845, Union College, chuo cha kawaida cha sanaa na sayansi katika jimbo la New York, kilianza kufundisha uhandisi ndani ya kuta zake. Kisha, mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill. Sheria hiyo ilizipa serikali za majimbo ardhi ili kugharamia vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi, bila kuyaacha masomo mengine ya sayansi na ya fasihi za kale. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwapa watoto wa wafanyakazi elimu pana na ya vitendo kwa pamoja.

Lilikuwa lengo zuri. Lakini swali la pili linatulazimu kuuliza: ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Sehemu kubwa ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa bara lile, kwa mikataba ya hila au kwa nguvu. Elimu ya kumkomboa mmoja iligharamiwa kwa mali aliyonyang'anywa mwingine. Mhandisi aliyesomeshwa kwa ardhi hiyo bila kuisoma historia yake alikuwa na elimu nusu.

Katika karne ya ishirini taaluma ya uhandisi nchini Marekani ilianza kujichunguza. Kati ya mwaka 1918 na 1955 zilitoka ripoti kadhaa kuhusu mafunzo ya wahandisi. Ile ya mwaka 1940, iliyosimamiwa na H. P. Hammond, ilisema mtaala wa uhandisi uwe na mashina mawili yanayokua pamoja: moja la sayansi na teknolojia, jingine la insia na jamii. Ripoti iliyofuata mwaka 1944 ilitaka shina la pili lipewe walau asilimia 20 ya muda wa masomo. Mwaka mmoja baadaye, Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa kwa mabomu ya atomiki. Dunia ikaona watu wenye akili nyingi sana wanavyoweza kulijibu swali la kwanza kwa ufasaha wa kutisha.

Mwaka 1947, chuo cha MIT kiliunda kamati iliyoongozwa na Warren K. Lewis, ambaye mwenyewe alikuwa mhandisi wa kemia, ili kuangalia upya elimu inayotolewa pale. Ripoti yake ilitoka mwaka 1949, na mwaka uliofuata MIT ikaanzisha skuli kamili ya insia na sayansi za jamii. Hadi leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo hicho, hata kama anasomea mitambo au umeme, hana budi kufaulu masomo manane ya insia, sanaa na sayansi za jamii. Vyuo vingine vilichukua njia tofauti. Upo mpango wa miaka mitatu na miwili: mwanafunzi husoma miaka mitatu katika chuo cha sanaa na sayansi, kisha miwili katika skuli ya uhandisi, akatoka na shahada mbili. Vipo pia vyuo, kama Swarthmore na Harvey Mudd, vinavyofundisha yote chini ya paa moja. Chuo cha wanawake cha Smith kilijiunga na kundi hilo mwaka 1999.

Je, dawa ilifanya kazi? Historia haituruhusu kujibu "ndiyo" kwa haraka. Tarehe 4 Machi 1969, wanasayansi na wanafunzi wa MIT walisitisha kazi za utafiti kwa siku nzima ili kujadili matumizi ya kijeshi ya sayansi, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Karibu miaka ishirini ya insia ya lazima haikuwa imezuia chuo hicho kuwa mshirika mkubwa wa wizara ya ulinzi. Somo la historia halimgeuzi mtu malaika. Hata hivyo, siku hiyo ilifanyika. Wapo waliokuwa na msamiati wa kuliuliza swali la pili hadharani, na ujasiri wa kuliuliza mbele ya waajiri wao. Huo ndio ukomo wa dawa hii, na ndiyo thamani yake: haihakikishi jibu jema, bali inahakikisha kwamba swali halitakosa wa kuliuliza.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa sisi tuna historia yetu katika jambo hili, na tunaisahau kirahisi mno.

Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kutoka 1963 hadi 1970, fani ziligawanywa kati ya nchi tatu: utabibu ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao takriban wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake na wa viongozi wa juu serikalini. Tukio hilo lilimwonyesha, na liliwaonyesha wahadhiri wengi, kwamba chuo kilikuwa kinazalisha wasomi wanaojiona wadai wa jamii badala ya wadeni wake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, kisha mwezi Machi andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo ukafanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Katika miaka iliyofuata yakazaliwa masomo ya pamoja kuhusu jamii na maendeleo, yaliyovuka mipaka ya vitivo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata uhuru wake mwaka 1970. Miaka mitatu baadaye mambo mawili yalitokea katika mwaka mmoja: Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa. Mwaka 1973 ulizaa pacha. Mhandisi wa kwanza kufundishwa katika ardhi ya Tanzania alitakiwa, tangu mwanzo, kusoma nguvu za vyuma na pia sababu za umaskini wa nchi yake. Alifanya hivyo katika kilima ambako Walter Rodney alikuwa akifundisha historia, na ambako mijadala ya jioni ilihudhuriwa na wanafunzi wa fani zote. Sisi hatukuiga asilimia za Wamarekani. Tulifika mahali palepale kwa njia yetu, tukisukumwa na swali letu: msomi huyu anasomeshwa kwa jasho la mkulima, je, atamrudishia nini?

Kama kuna mtu anadhani swali hilo lilikuwa la kisiasa tu na halikuhusu kazi ya mhandisi, na aangalie historia ya maji vijijini. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini: hadi kufikia 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili waligawana mikoa. Waswidi walikwenda mikoa ya Ziwa, Wadenmaki wakaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini wakaenda Mtwara na Lindi. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, pampu zake na vipuri vyake. Visima vilichimbwa na mabomba yakalazwa. Kwa hesabu za kihandisi, mifumo mingi ilikuwa sahihi.

Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Sehemu kubwa ya miradi iliyokwisha kujengwa haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Sababu zilikuwa nyingi, na haitakuwa haki kuzibebesha bega moja: bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera viliimaliza hazina, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Lakini ziko sababu nyingine ambazo hazikuonekana kwenye michoro. Nani kijijini anamiliki pampu hii? Ikiharibika, nani anaitengeneza, na kwa fedha zipi? Wanaochota maji ni wanawake na wasichana. Je, waliulizwa kisima kiwe wapi, au waliulizwa wanaume waliokaa kwenye kikao? Mradi wa serikali, uliojengwa na mgeni na kutolewa bure, uliharibika ukiwa wa serikali na wa mgeni, na wanakijiji wakarudi kwenye dimbwi lao la zamani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyokuja kuweka wazi kwamba watumiaji wenyewe washiriki kupanga, kumiliki na kuendesha miradi yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhandisi ambaye hakufundishwa namna ya kumuuliza aliyekilalia atajenga kitanda kingine chenye kunguni walewale.

Wahitimu wa kitivo cha mwaka 1973 hawakuuanzisha mpango huo, kwa hiyo siwalaumu. Nasema kwamba elimu iliyokosekana katika mpango ule ndiyo hasa ile ambayo pacha wa 1973 alizaliwa kuitoa.

Basi nini kimempata pacha huyo? Katika miaka ya 1980 na 1990, masharti ya marekebisho ya uchumi yalibana bajeti za vyuo. Baadaye idadi ya wanafunzi iliongezeka kuliko idadi ya walimu. Somo lililobuniwa kwa ajili ya mjadala wa watu ishirini mezani likawa mhadhara wa mamia ukumbini, wengine wakisikilizia dirishani. Semina zikafifia. Maswali ya mtihani yakaanza kujirudia, na palipo na maswali yanayojirudia hapakosi majibu yanayouzwa kwenye duka la fotokopi. Katika vyuo vingi vya kanda yetu leo, mwanafunzi wa uhandisi hulisoma somo la maendeleo kama mtu alipaye ushuru: anatoa kinachodaiwa, anachukua risiti, anaondoka. Mwalimu wa somo hilo hajui daraja linajengwaje, na mwalimu wa madaraja hajui kinachofundishwa katika somo hilo. Pacha wanaishi nyumba moja na hawasalimiani.

Barani Afrika kuna jaribio jipya linalostahili kuangaliwa. Patrick Awuah, Mghana aliyesoma uhandisi na uchumi Swarthmore kisha akafanya kazi Microsoft, alirudi kwao na kufungua Chuo cha Ashesi mjini Accra mwaka 2002, kikiwa na wanafunzi 30. Wanafunzi wake husoma masomo ya msingi ya pamoja yakiwemo maadili, uandishi na uongozi, na walijiwekea utaratibu wa kufanya mitihani bila msimamizi, kwa dhamana ya heshima yao. Mwaka 2015, chuo hicho, ambacho sasa kipo Berekuso, kilianza kufundisha uhandisi juu ya msingi huohuo. Ni chuo binafsi na kidogo, na hatuwezi kukinakili kwa vyuo vya umma vyenye maelfu ya wanafunzi. Lakini kinathibitisha kwamba Mwafrika hahitaji kusubiri utajiri ndipo apewe elimu kamili.

Najua pingamizi litakalotolewa: nchi maskini inahitaji wahandisi wengi, haraka, na kila saa ya falsafa ni saa iliyoibwa kutoka kwenye hesabu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kujenga mara mbili kungekuwa rahisi kuliko kuuliza mara moja. Nchi tajiri inaweza kumudu kosa la mhandisi wake. Italibomoa na kulijenga upya. Sisi tunakopa ili kujenga, na mkopo hulipwa hata pampu ikiwa imekufa. Umaskini wetu ni sababu ya kuongeza elimu hii, wala si kuipunguza.

Nini kifanyike? Historia niliyoieleza inaonyesha mambo matatu. Kwanza, insia iingie ndani ya kazi ya uhandisi yenyewe. Mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa maji, barabara au umeme usipite bila sura inayojibu nani anafaidika, nani anahamishwa na nani ataendesha, na sura hiyo isahihishwe na mwalimu wa sayansi za jamii akikaa meza moja na mhandisi. Pili, semina zirudi, hata kama ni kwa kupunguza idadi ya mada. Ni heri mwanafunzi ajadili kwa dhati historia ya mradi mmoja kuliko kukariri nadharia kumi. Tatu, daraja liwe la pande mbili. Mwanafunzi wa sheria, historia au fasihi asimalize shahada yake bila kujua umeme unafikaje kwenye taa anayosomea na maji yanasafishwaje. Msomi wa insia asiyejua lolote kuhusu mitambo hawezi kumuuliza mhandisi swali la pili, kwa kuwa hajalielewa hata la kwanza.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: mnapoandika hadidu za rejea za mradi, maneno "ushirikishwaji wa jamii" yasiwe aya ya mwisho iliyonakiliwa kutoka mradi uliopita. Kwa wanaharakati: jifunzeni kusoma michoro, maana maamuzi mengi ya haki na dhuluma yamefichwa kwenye vipimo. Na kwenu wanafunzi wa uhandisi, ambao mtaingia ukumbini wiki hii mkiwa mmebeba kalamu na uvivu: somo hilo mnaloliona mzigo lilipiganiwa na watu walioamini kwamba ninyi ni zaidi ya mafundi wa kutumwa. Mdaini mwalimu wenu alifundishe kwa hadhi hiyo. Mkiona analisoma tu kutoka kwenye karatasi, mnyoosheeni mkono, mumuulize.